Mji Mkongwe kwa Miguu, Bila Kiongozi

 Kama umeshamaliza kazi za leo, vuta kiti. Kama bado unaosha vyombo, endelea kuosha, sikio moja linanitosha. Leo nataka tutembee. Tutaingia vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja kwa miguu yetu wenyewe, bila kiongozi wa kulipwa na bila papasi wa kutuongoza dukani kwa ndugu yake.

Wapo watakaouliza: kwani ule si mji wa watalii? Swali hilo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Mtu wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa Morogoro akivuka kwenda Unguja, anakwenda harusini, mazikoni au kikazi. Anashuka bandarini, anapanda gari, anakwenda zake Mwanakwerekwe, na siku ya kurudi anapita njia ile ile. Mji anaupita ubavuni. Na Mzanzibari wa mashamba naye huingia Darajani kununua samaki na nguo, akatokea alikoingilia. Vichochoro tumewaachia wenye kamera shingoni. Mimi naona tumejidhulumu, kwa sababu wenye kamera wanahitaji kiongozi, na wewe huhitaji. Wewe unajua kuamkia.

Basi nishike mambo mawili leo, na nitayarudia mpaka uyachoke. La kwanza, huwezi kupotea. La pili, salamu kwanza. Ukisahau mengine yote nitakayosema, usisahau hayo.

Tuanze na hofu ya kupotea, maana ndiyo inayowafanya watu washike mkono wa papasi. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi. Magharibi ni bahari, kaskazini ni bahari, na upande wa mashariki ni barabara kuu ya Darajani. Zamani hapo Darajani palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kutoka maji, ukiutenganisha mji wa mawe na Ng'ambo, mji wa upande wa pili, na daraja kweli lilikuwepo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na ardhi iliyopatikana ndiyo leo ina magari na soko. Kwa hiyo mji mzima una mipaka inayoonekana. Ukinyoosha mguu kutoka Darajani hadi ufukweni Shangani, hazizidi dakika ishirini hivi. Ukipotea, tembea tu. Mwisho utaona maji au utasikia honi za daladala. Simu usiitegemee sana. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na kile kidoti kwenye ramani kinarukaruka juu ya mapaa kikikuambia uko ndani ya chumba cha mtu.

Mwendo wetu tuuanzie wapi? Mimi huanzia Darajani sokoni, na saa nzuri ni saa mbili asubuhi, kabla jua halijachoma, au baada ya alasiri. Soko lenyewe lilijengwa mwaka 1904, na bado linafanya kazi ile ile: nyama, samaki, viungo, ndizi, makelele. Sitakaa hapo. Soko unalijua. Ingia nyuma yake, upande wa Mkunazini.

Sasa simama kidogo uangalie ulipoingia. Ghafla makelele yamekatika. Umeona njia ilivyo nyembamba? Watu wengi husema wazee walijenga ovyo, bila mpango. Hapana. Nyumba ndefu zilizokaribiana huzaa kivuli, na kivuli ndicho kilichokuwa feni ya mji huu kabla ya feni. Upepo wa bahari ukiingia kichochoroni unabanwa, unaongeza mwendo. Tembea saa sita mchana kwenye barabara pana ya Darajani, kisha ingia kichochoro chochote, utausikia mpango huo kwenye ngozi.

Na kuta hizo ni za nini? Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali, urefu wake unaofaa ni kama mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani ni virefu kama korido lakini vyembamba. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba cha tajiri na chumba cha maskini vilevile. Nyumba ya chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Fundi wa siku hizi akija na saruji akaupaka ukuta huo ili aurembe, unyevu unafungiwa ndani, na ukuta unaoza polepole. Ukipita, utaona mahali plasta imebanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Mara nyingi hapo ndipo saruji ilipogombana na chokaa.

Tunaendelea, na sasa tufike kwenye lile jambo la pili. Salamu kwanza. Kwa nini nasisitiza?

Tazama chini ya kuta, kulia na kushoto. Unaona benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba? Hilo ni baraza. Liko nje, lakini ni la nyumba. Mwenye nyumba hukaa hapo na wageni wake bila ya kuwaingiza ndani walipo wanawake. Hapo watoto husoma, wazee husukuma dhumna, mama huuza bagia na kachori. Mvua za masika zikishuka na maji yakajaa njia, watu hupanda mabaraza na kupita juu yake wakavuka salama. Kwa hiyo unapotembea kichochoroni uko wapi hasa? Uko njiani, ndiyo. Lakini pia uko sebuleni kwa watu. Umepita kati ya mwenyeji na mgeni wake, mmoja kakaa kulia na mwingine kushoto, na mazungumzo yao yamekatika kwa ajili yako.

Sasa mtu akikatiza sebuleni kwako bila neno, utamfikiriaje?

Kwa hiyo: asalaam aleikum. Kwa mzee, shikamoo. Wakisogea wakupishe, au mzee akitaka kuinuka, mwambie “starehe, mzee wangu, starehe.” Ukisikia nyuma yako “simile! simile!” usigeuke kushangaa, huyo ni mtu wa mkokoteni, panda barazani apite na magunia yake. Vespa nazo zinapita, na vespa haina simile, ina honi tu, na mara nyingine hata honi haina. Baraza ndilo kimbilio.

Jaribu hivyo uone. Ukipita kimya na simu mkononi, utaona milango tu. Ukisalimu, utaulizwa umetoka wapi, ukisema Korogwe atatokea mtu mwenye shangazi yake Korogwe, na ile nyumba uliyokuwa ukiishangaa utaambiwa ilikuwa ya nani, nani aliijenga, nani aliiuza na nani anadaiwa. Hakuna kiongozi wa kulipwa atakayekupa hayo. Na kama hawana nafasi ya mazungumzo, wataitikia tu, nawe utapita. Hujapungukiwa.

Haya, Mkunazini. Hapa mwendo wetu unakuwa mzito, na lazima uwe mzito. Utaliona kanisa la Kianglikana, limesimama palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 na kwa kazi yake ya kutafsiri Biblia. Amezikwa humo humo, nyuma ya altare. Ukiingia, tazama nguzo karibu na mlango wa magharibi. Zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimika wanavyojua wao, aliporudi akaziacha. Na kuna msalaba mdogo wa mbao, uliochongwa kutoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa.

Nje, kwenye uwanja, kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni. Ni kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Simama hapo. Usipige picha ukiwa unatabasamu mbele yake. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na ninawaomba msifanye.

Na jambo ambalo mara nyingi huachwa: soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja haukuisha siku ile. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Miaka ishirini na minne katikati, mpenzi msikilizaji. Watu waliendelea kuchuma karafuu za wengine. Nakuomba uingie na habari hiyo kwenye vichochoro vinavyofuata, kwa sababu sasa tunakwenda kwenye milango mizuri na roshani za kupendeza, na zile roshani zililipiwa na karafuu, na pembe za ndovu, na watu. Nasema hivi mimi ninayeipenda milango hiyo kupita kiasi.

Kutoka Mkunazini, uliza njia ya Hamamni. Barghash huyo huyo alijenga hapo hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi, mji wote uoge. Maji hayapo siku hizi, vyumba vipo. Kisha fuata njia ya Sokomuhogo.

Hapa katikati ndipo pa milango. Utaitambuaje? Kwa ujumla, mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, wenye nakshi nyingi na pengine aya za Qur'ani, ni wa mtindo wa Kiarabu wa zamani. Ule wenye upinde juu, kama nusu mwezi, uliingia baadaye kwa athari ya Kihindi. Ipo pia ile ya mtindo wa Kigujarati, yenye vipande vidogo vya mraba vya kukunja, na hiyo mara nyingi ni ya duka. Misumari mikubwa ya shaba wenyewe watakuambia ni ya kuzuia tembo. Huko India pengine, Unguja hapakuwa na tembo wa kugonga mlango, ilikuwa fahari tu. Angalia nguzo ya katikati ya mlango, mfaa, na fremu za pembeni: samaki, mnyororo, maua. Usiguse. Na kama mlango uko wazi, macho yako yabaki mlangoni.

Umegundua kitu kingine? Umepita misikiti kadhaa bila kujua ni misikiti. Masultani walikuwa Ibadhi, na Ibadhi hawakuwa na desturi ya minara mirefu. Kwa hiyo utaona ukuta mweupe wa kawaida, madirisha, na viatu mlangoni. Viatu ndivyo vitakavyokuambia.

Tumefika Jaws Corner. Ni njia panda tu, vichochoro kadhaa vimekutana, na mabaraza yamejaa watu. Muuza kahawa yupo na dele lake na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kashata ipo. Na siasa ipo, tena ya wazi. Hapa serikali huundwa na kuvunjwa kabla ya magharibi. Kaa. Lipia kahawa yako na ya jirani yako. Usianze wewe kutoa hoja. Sikiliza kwanza mechi ya jana, bei ya sukari, na nani kagombana na nani. Kama ni mwezi wa Ramadhani, basi kahawa ingoje usiku, na mchana usile wala usinywe njiani, hata kama wewe hufungi. Kina mama na kina dada wanaotembea wenyewe, mabaraza haya ni ya wanaume zaidi, hilo tuseme kweli. Lakini mkisalimu mnaitikiwa kwa heshima, na baraza la kina mama wauza vitafunwa halipo mbali. Mavazi ya stara yanasaidia kila mtu, mwanamume pia. Kifua wazi ni cha ufukweni.

Kabla hatujaondoka hapa, inua macho. Unayaona makanisa? Huyaoni. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890, lina minara miwili inayoonekana tangu boti iko mbali baharini. Lakini ukiwa kichochoroni, hatua chache kutoka kwake, limepotea kabisa. Unakata kona, hakuna. Unakata nyingine, liko mbele yako lote. Hicho ndicho kitendawili cha vichochoro. Ukiuliza, mtu atakuambia “hapo tu,” na safari hii “hapo tu” ni hapo kweli.

Tukitoka hapo tunashuka mtaa wa Gizenga. Huu ni mtaa wa maduka tangu zamani, maduka ya Wahindi yaliyojengwa kwa mpango mmoja: chini duka, nyuma na juu makazi, mbele mbao za kukunja zinazofunguliwa asubuhi. Leo utakuta picha, viungo kwenye vikapu, vikoi, na vinyago. Nitasema ninavyoona: duka la kumi lina vitu vile vile vya duka la kwanza. Pita kwa mwendo, tazama ghorofani, roshani za mbao ndizo zenye thamani. Na nyumba zinapokaribiana sana, fikiria habari ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Alikuwa akiishi jirani na mfanyabiashara wa Kijerumani, Ruete, na kutoka juu kwake aliweza kuwaona Wazungu wale wakiwa mezani. Jirani kwa jirani, roshani kwa roshani. Mwaka 1866 alitoroka mjini kwa meli ya Kiingereza, akaolewa na Ruete, na miaka ishirini baadaye akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ukisimama kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kisa hicho hakikushangazi tena.

Gizenga inakutoa nyuma ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ukizunguka upande wa kushoto kuelekea Shangani, njia inapita chini ya jengo, kama pango. Jengo hilo liliwahi kuwa nyumba ya watoto yatima. Simama katikati ya giza lile upate ubaridi. Wazee wa pwani walijua kujenga juu ya njia. Lamu ipo mifano mingi ya chumba kinachovuka kichochoro, wanakiita wikio. Hapa mjini kasri nazo ziliunganishwa kwa mapito ya juu, wanawake wa kasri wakapita kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kuonekana na wapita njia.

Kasri kubwa, Beit al-Ajaib, iko hapo jirani, mbele ya bustani ya Forodhani. Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa na taa za umeme na lifti wakati ambao miji mingi ya Afrika haikuwa na hivyo. Ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufikisha saa nzima. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo lililoshinda mizinga lilishindwa na maji ya mvua, uzee na uangalizi wa kuchelewa. Na hilo ni maarufu, lina jina. Nyumba za vichochoroni hazina jina. Baada ya mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, zikagawiwa familia nyingi nyingi, na chumba cha mpangaji hakina mwenye kupanda juu kuziba paa. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado kila masika kuna ukuta unaotisha. Ukiona uzio wa mabati na maandishi ya hatari, usipite chini yake kwa ajili ya picha.

Tumalizie kwa kufuata ufuko kurudi kaskazini, hadi Malindi. Utapita Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao za kijani, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887. Yeye hakuiona imekwisha. Alifariki mwaka 1891, kazi ikamalizwa baada yake. Nyuma yake ni mitaa ya Malindi, ambako Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya fasihi ya mwaka 2021, alikulia, karibu na bandari. Na hapo pana msikiti mmoja uliokataa kujificha, una mnara wa umbo la pia. Watalii ni wachache huku, wavuvi na wachukuzi ni wengi, nami nakupa siri: kama una saa moja tu kabla ya boti, tumia saa hiyo Malindi, na Gizenga uiache.

Tulisema mambo gani mawili? Huwezi kupotea: bahari huku, Darajani kule. Na salamu kwanza.

Pale Darajani tulikoanzia, ukivuka ile barabara kwenda upande wa pili, kuna mji mwingine ambao kwenye mwendo wa leo sikuugusa hata kidogo: Ng'ambo, ambako aliishi Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake.  Tutakwenda juma lijalo, saa hizi hizi, Mungu akipenda. Mwenye jamaa Miembeni au Kikwajuni amwambie aandae chai, tunakuja wengi. Usiku mwema.